Bayocha kwa bustani ya nyumbani Dar es Salaam: uipate wapi, na uilishe nini

Kuanzia Kigamboni hadi Bunju, kupitia Tabata na Kinyerezi, wenye bustani za nyumbani wana kilio kimoja: mchanga haushiki kitu. Unamwagilia asubuhi, jioni tuta limekauka. Unatia samadi toroli tatu mwezi wa pili, na masika ikiisha mwezi wa tano mchicha umeshaanza kupauka kana kwamba hukuweka chochote. Dar hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka ndani ya miezi michache ya masika na vuli. Kwenye mchanga, maji hayo huteremka na nitrojeni na potasiamu yako hadi chini ambako mizizi ya mboga haifiki.

Hapo ndipo bayocha inapofaa. Ni mkaa ulioandaliwa kwa ajili ya udongo badala ya jiko: vipande vidogo vyenye vinyweleo visivyohesabika, ambavyo vikishalowa na kushika virutubisho haviachii kirahisi, na haviozi kama samadi inavyooza. Udongo mweusi wa Amazon, ambao wenyeji wa kule waliutengeneza kwa mkaa, mifupa na taka za jikoni karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, bado una rutuba, na vipande vya mkaa bado vinaonekana ndani yake. Majivu ya jikoni tunayomwagia mchicha ni kitu kingine kabisa. Majivu ni chumvichumvi iliyobaki baada ya mkaa wenyewe kuisha. Mvua mbili tatu nayo imekwenda.

Anayetaka kuanza ana mambo mawili ya kuchagua: mkaa utoke wapi, na uchajiwe, yaani ushibishwe virutubisho, kwa kitu gani kabla ya kuingia kwenye tuta. Wengi hutumia akili na fedha zao zote kwenye la kwanza. Wanatafuta fundi wa kuchomelea, wananunua pipa, wanabishana kuhusu aina za tanuri, halafu mkaa ukishatoka wanauponda na kuuzika siku hiyohiyo. Naamini kwa bustani ya mjini uzito uko kwenye la pili. Mkaa wa kawaida uliochajiwa vizuri utakupa mboga. Mkaa bora ambao haukuchajiwa utakunyang'anya.

Sababu yake ni rahisi. Mkaa mbichi ni ghala tupu. Ukiuzika ulivyo, unaanza kujijaza kwa nitrojeni ileile ambayo mche wako unaitafuta, na majani yanageuka manjano msimu mzima. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Claudia Kammann walichapisha jaribio la mmea wa kwinoa. Walipochanganya bayocha isiyochajiwa kwenye udongo kwa asilimia 2 ya uzito, uzito wa mimea ulishuka hadi asilimia 60 ya uzito wa ile iliyooteshwa bila bayocha. Walipotumia bayocha iliyopitia kwenye mboji, uzito huo ulipanda hadi asilimia 305. Kilichotofautiana ni kile mkaa ulicholishwa kabla ya kuzikwa.

Mkaa utoke wapi

Nianze na chenga, kwa sababu ziko kila mtaa. Kila kibanda cha mkaa Dar kina rundo la chenga na vumbi chini ya magunia, na muuzaji mara nyingi hana pa kuzipeleka.

"Shikamoo mama. Hizi chenga za chini unazifanyia nini?"

"Marahaba. Hizo? Kuna mtu wa kuku huja kuchota, zinazobaki nazoa natupa. Chukua mwanangu, ila zina mchanga, usije ukasema mama kanipa mchanga."

Na kweli zina mchanga, mawe madogo, na mara nyingine vifuniko vya soda. Njia ya kuzisafisha ni kuzimwaga kidogokidogo kwenye jaba la maji. Chenga kavu huelea na kutanda juu nyeusi tii, mchanga na mawe huzama papo hapo. Zichote haraka kwa chujio au kikapu kikuukuu, maana zikikaa muda mrefu zile za miti mizito hulowa na kuzama pia. Ukikuta vipande vya kahawia vinavyonuka moshi, hivyo havikuiva. Vitupe kwenye biwi la mboji, visiende kwenye ndoo ya kuchaji.

Ubaya wa chenga ni kwamba hujui tanuri lilikuwaje. Mkaa wa tanuri la udongo huwa na joto lisilolingana, upande mmoja umeiva sana na mwingine una lami iliyobaki. Kipimo cha nyumbani ni hiki: saga kidogo kwenye kiganja kwa maji, kisha nawa kwa maji matupu. Mkono ukitakata, mkaa umeiva. Ukibaki na utelezi mweusi unaotaka sabuni, lami ipo, na mkaa huo utahitaji kukaa kwenye mboji muda mrefu zaidi. Lakini faida yake kwangu inazidi: hakuna mti mpya unaokatwa, hakuna moshi kwa jirani, na unaanza kazi leo. Mkaa mbadala wa kufinyangwa usiuchanganye hapa. Una udongo wa mfinyanzi au wanga wa kugandishia, na ukilowa hugeuka tope.

Ukitaka kuchoma mwenyewe, malighafi bora ya Dar ni vifuu vya nazi na magunzi ya mahindi. Vifuu ni vigumu, vikavu, vinatoa mkaa mgumu wenye vinyweleo vidogo sana, na kila nyumba inayopika wali wa nazi inavitupa. Magunzi yanapatikana kwa wauza mahindi ya kuchoma. Matawi ya kupogoa mwembe au mwarobaini yanafaa pia, yakikaushwa wiki kadhaa. Ukienda kwa mafundi seremala wa Keko kuomba mabaki, chagua kwa macho: usichukue mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, wala plaiwudi, wala chenye rangi au vanishi. Dawa ya mbao za paa mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Moto hauiondoi aseniki yote, na unachokula ni mchicha uliootea hapo.

Kwa vifaa, ushindani halisi ni kati ya pipa la kusimama na nusu pipa la kulala.

Pipa la kusimama la lita 200 hutobolewa matundu chini, hujazwa vifuu hadi juu, kisha huwashwa kutoka juu, na mfuniko wenye bomba la moshi huwekwa baada ya moto kushika. Moto hushuka polepole, gesi inayotoka chini huungua juu, na ukiwa na malighafi kavu moshi ni mdogo. Uzuri wake ni kwamba halihitaji kulishwa. Ubaya ni kwamba linadai vipande vinavyolingana, na linadai ukae nalo mwishoni: moto ukifika chini, mwali wa manjano ukibadilika kuwa wa bluu na kufifia, dakika chache za kuchelewa zinakuachia majivu.

Nusu pipa ni lile lililokatwa kwa urefu, kama la wachoma nyama. Unawasha moto mdogo chini, na kila safu ya juu inapoanza kuota majivu meupe unaongeza safu nyingine nyembamba. Mwali wa juu unakula hewa na moshi wote, kwa hiyo mkaa wa chini haupati oksijeni ya kuungua. Kanuni hii ndiyo ya tanuri la Kon-Tiki, lenye umbo la koni, lililobuniwa Uswisi mwaka 2014. Wengine huchimba shimo la koni badala ya kununua chuma. Shimo ni zuri Pugu na Kisarawe penye udongo unaosimama. Kigamboni au Mbagala kuta zinaporomoka, na ukimwaga maji ya kuzimia unapata uji wa mkaa na mchanga. Huko tumia chuma.

Mimi nachagua nusu pipa. Linapokea kila kitu, matawi yaliyopinda, vifuu, magunzi, makuti machache ya kuwashia, na unaona mkaa unavyoiva badala ya kubahatisha. Andaa madumu matatu ya lita 20 yaliyojaa kabla hujawasha, hasa kipindi cha mgao wa maji, kwa sababu mkaa usiozimwa vizuri hufuka tena usiku. Uzime kwa maji hadi ukipitisha kijiti katikati hakitoki na mvuke. Kuhusu kiasi, tegemea kilo 10 za vifuu vikavu kukupa takriban kilo 2 za mkaa. Na zungumza na jirani wa upande ambako upepo unaelekea kabla ya kuwasha. Nguo zake kwenye kamba ni haki yake.

Makapi ya mpunga yapo tele kwenye mashine za kukoboa, na mkaa wake ni mwepesi, laini, mzuri kwa vitalu vya miche na viroba. Kuyachoma lakini ni kazi ya moshi mwingi wa masaa mengi, si ya kiwanja cha mita 20 kwa 20. Ukipata yaliyokwisha kuchomwa, chukua. Njia ya kopo la maziwa lenye tundu dogo kwenye mfuniko, unalolijaza vifuu na kulisukuma ndani ya moto wa kuni, ni safi na salama, ila inakupa mkaa wa sufuria moja tu. Kwa mwenye viroba vitatu barazani, inatosha kabisa.

Kabla ya kuchaji

Ponda mkaa ukiwa umelowa, kamwe usiuponde ukiwa mkavu. Vumbi la mkaa si zuri kwa mapafu, na mtoto akicheza karibu analivuta. Tia kwenye kiroba, ukanyage au upige kwa mchi usiotumika jikoni, kisha pitisha kwenye wavu wa kuku wenye matundu madogo. Unataka vipande vya ukubwa wa punje ya mchele hadi punje ya mahindi. Unga mtupu huziba hewa kwenye kiroba. Mabonge makubwa hayakutani na mizizi.

Mkaa mkavu hukataa maji mwanzoni. Utaona matone yanabingirika juu yake. Uache uloweke usiku mzima kwenye maji safi, umwage maji ya kwanza yenye majivu, ndipo uanze kuulisha.

Uchajiwe kwa nini

*Mboji.* Kwangu hii ndiyo njia ya kwanza, na nyingine nazipima kwa hii. Debe moja la bayocha kwa madebe nane au tisa ya majani mabichi, maganda ya viazi na ndizi, makapi, majani makavu na samadi kidogo. Usiiweke safu moja chini. Itawanye kila safu. Ukikamua konzi ya mchanganyiko, matone mawili matatu yatoke kati ya vidole, yasizidi. Siku chache baadaye biwi linapata joto ambalo mkono hauvumilii ndani, na kuna jambo utaligundua kwa pua: harufu ya amonia inayotoka kwenye biwi lenye samadi nyingi inapungua, kwa sababu mkaa unaikamata kabla haijapaa. Hiyo ni nitrojeni uliyokuwa unaipoteza. Ligeuze kila wiki mbili. Kwa joto la Dar, miezi miwili hadi mitatu mboji huwa imeiva. Chukua kipande kimoja cha mkaa ukiangalie karibu: hakina tena ule mng'ao wa mkaa wa dukani, kimefunikwa utando mwembamba wa kahawia, na kwenye nyufa zake kuna nyuzi nyeupe za ukungu. Utando huo ndio unaoshika nitrati na kuiachia taratibu kwa mizizi. Hakuna njia ya usiku mmoja inayoutengeneza.

Gharama yake ni muda na nafasi. Mwenye chumba cha kupanga na baraza hana pa kuweka biwi la mita moja.

*Banda la kuku.* Kama unafuga kuku wa nyama, tayari una mashine ya kuchaji. Changanya sehemu moja ya bayocha iliyoloweshwa kidogo na sehemu kumi za maranda, utandaze kama kawaida. Kwa wiki tano au sita za kundi moja, kinyesi cha kuku kinaingia kwenye mkaa, harufu ya banda inapungua, na hulipi chochote cha ziada. Ila takataka za bandani zikitoka usizipeleke moja kwa moja kwenye mboga. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi na inaweza kubeba vimelea vya kuharisha. Zirundike, zilowe, zifunikwe, zikae mwezi na nusu au zaidi. Kwa mfugaji, naiweka njia hii sawa na mboji, na pengine juu yake, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na kuku wenyewe.

*Supu ya samadi.* Jaza nusu kiroba kwa samadi ya ng'ombe au mbuzi, kifunge, ukining'inize ndani ya jaba la lita 100 la maji kwa wiki moja huku ukikoroga kila siku. Toa kiroba, mimina bayocha hadi maji yaifunike kidogo tu, iache wiki mbili nyingine. Inatoa bayocha nzuri kwa mwezi mmoja. Jaba lifunikwe kwa chandarua kikuukuu kilichofungwa kamba. Maji yaliyotuama Dar yana maana ya mbu, na mbu wa dengue hawachagui maji safi peke yake. Wanaochoma wenyewe wanaweza kutumia supu hii kumalizia kuzima mkaa: moto wote ukishazimwa kwa maji na mkaa ukiwa bado vuguvugu, hewa iliyomo ndani ya vinyweleo hunywea inapopoa na kuivuta supu ndani.

*Mbolea ya dukani.* Gramu 100 za NPK 17-17-17 (mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwenye ndoo ya lita 20, bayocha ndoo moja, siku mbili. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote na haina harufu. Kwa anayetaka kupanda Jumamosi hii, inafaa. Lakini inaujaza mkaa chumvi za mbolea tu, bila vijidudu na bila ule utando. Nguvu yake ni ya msimu wa kwanza. Urea siipendekezi kwa kuchaji. Bayocha mpya nyingi ni ya alkali, na kwenye alkali nitrojeni ya urea hugeuka amonia na kupaa. Ukifunua ndoo macho yakawasha, mbolea yako inaondoka. Ukichagua njia ya dukani, changanya baadaye na mboji iliyoiva kiasi kilekile kabla ya kupanda.

*Mkojo.* Kisayansi una uzito wake. Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio la maboga kutoka Nepal: bayocha iliyolowekwa mkojo wa ng'ombe, kwa kiasi kidogo cha tani 0.75 kwa hekta na kuwekwa karibu na mizizi, ilitoa mavuno mara nne ya yale ya mkojo bila bayocha. Mkojo wa binadamu nao una nitrojeni nyingi. Lakini nyumba nyingi za hapa hazitaukubali, kwa kuwa ni najisi, na hilo lazima liheshimiwe kabla ya hesabu za nitrojeni. Kuna sababu nyingine ya kivitendo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mwezi mmoja upite kati ya kuweka mkojo na kuvuna, wakati mchicha wetu huvunwa ndani ya wiki tatu au nne. Kwa hiyo hata anayeukubali, aupeleke kwenye migomba na mipapai. Mwenye ng'ombe wa ndani ana nafasi nzuri zaidi. Mkojo wa ng'ombe unaotiririka kwenye sakafu ya zizi unaweza kuukinga kwenye mfereji uliojaa bayocha.

Nimeulizwa pia kuhusu utumbo wa samaki kutoka soko la Feri. Uzike katikati ya biwi la mboji pamoja na bayocha, umefunikwa vizuri, usiuloweke kwenye ndoo. Harufu itakugombanisha na mtaa mzima.

| Njia | Muda | Inamfaa nani | Tatizo lake kubwa |
|---|---|---|---|
| Mboji | Miezi 2–3 | Mwenye uwanja na taka za jikoni | Nafasi na subira |
| Banda la kuku | Wiki 5–6, kisha kuivisha | Mfugaji wa kuku | Isitumike mbichi |
| Supu ya samadi | Wiki 3–4 | Mwenye jaba na uwanja mdogo | Mbu, harufu |
| NPK | Siku 2 | Mwenye haraka, mwenye viroba | Nguvu ya msimu mmoja |
| Mkojo wa ng'ombe | Wiki 1–2 | Mwenye ng'ombe, miti ya matunda | Haufai mboga za majani |

Maji yako na udongo wako

Mambo haya mawili yanaweza kupindua uchaguzi wote, na watu huyasahau.

La kwanza ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dar, hasa karibu na bahari, vina chumvi. Ukilowesha bayocha kwa maji hayo, unaichaji chumvi, na itakaa humo. Tumia maji ya mvua au ya bomba la DAWASA kwa kuloweka na kuchaji, hata kama utamwagilia kwa kisima baadaye. Kwa mwenye kisima cha chumvi, NPK na mkojo ni chaguo baya zaidi kwa sababu vyote vinaongeza chumvi juu ya chumvi. Mboji ndiyo salama.

La pili ni jiwe la matumbawe na chokaa. Msasani, Kunduchi, Mbweni na kuzunguka Wazo, ambako chokaa huchimbwa kutengenezea saruji, udongo wa viwanja vingi ni wa alkali tayari. Bayocha nyingi ina pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 8 na 10, yaani nayo ni ya alkali. Ukiiongeza hapo kwa wingi, madini ya chuma yanafungwa, na majani machanga ya pilipili yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Huko punguza kiasi iwe nusu, osha majivu mara mbili tatu, na chaji kwa mboji pekee. Pugu, Chanika na Gongo la Mboto, kwenye mchanga mwekundu wenye asidi kidogo, hali ni kinyume: alkali hiyohiyo inasaidia, na hata chenga zenye majivu kidogo hazina neno.

Uchague nini

Una kuku na kiwanja cha mchanga: chenga kutoka kibandani, zisafishwe, ziende bandani. Usinunue pipa mwaka huu. Fedha ya pipa nunua wavu wa kuchekechea na turubai la kufunikia rundo.

Una uwanja, miti ya kupogoa na familia inayopika nazi: nusu pipa, kisha biwi la mboji. Choma mwezi wa kumi na mbili, kaskazi inapovuma na majani yamekauka, ili mboji iwe tayari mwishoni mwa Februari na iingie kwenye matuta kabla masika haijaanza. Kwa mazao ya vuli, anza mwezi wa saba.

Unaishi kwenye nyumba ya kupanga na una viroba vya sukuma wiki na nyanya: chenga za ndoo moja au kopo la vifuu, chaji kwa supu ya samadi kwenye ndoo yenye mfuniko, au kwa NPK halafu mboji ya kununua. Ndani ya kiroba, sehemu moja ya bayocha kwa sehemu tisa za mchanganyiko inatosha.

Kwenye tuta, hesabu ni hii. Mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 10 ni lita 100 za udongo. Asilimia 10 yake ni lita 10, yaani nusu debe. Changanya na udongo wa juu palepale mizizi ya mboga inapokaa. Usiitandaze juu, mvua ya kwanza itaibeba na kuipeleka mtaroni. Kwa migomba na mipapai zungushia kwenye shimo wakati wa kupanda. Ukiiweka vizuri mara moja hurudii kila msimu. Unachorudia ni mboji.

Kabla hujatia kwenye matuta yote, otesha mbegu za mchicha kwenye makopo mawili, moja lenye udongo wako mtupu, jingine lenye udongo uleule na bayocha uliyochaji. Mchicha huota ndani ya siku chache, na kufikia wiki ya pili rangi ya majani itakuwa imekwisha kusema. Kopo la bayocha likiwa la manjano zaidi, mkaa bado una njaa: urudishe kwenye biwi au kwenye jaba kwa wiki nne nyingine.